Az-Zahrawi na Mshipa wa Babu

Abul-Qasim az-Zahrawi (rahimahullah) aliishi Andalusia, akafariki mwaka 1013 hivi. Kitabu chake At-Tasrif kina sehemu 30. Ya mwisho ni ya upasuaji. Humo alifundisha kufunga mshipa unaovuja damu, akaonya tusiupasue ovyo uvimbe wa mshipa mkubwa.

Leo mshipa mkuu uliovimba tumboni hutiwa mrija kupitia kinenani. Lakini damu yaweza kuvuja kando ya mrija, uvimbe ukakua kimya kimya. Ndiyo maana mgonjwa hupigwa picha maisha yake yote. Babu yangu wa Mununga alitiwa mrija huo, akakataa kurudi kupimwa kwa kuwa haumwi. Nilimsimulia az-Zahrawi na tahadhari yake. Asubuhi tulipanda basi pamoja.