Harry Thuku na Swali la Watu Wake

Vijana wa Mchombe na wa vijiji jirani vya bonde la Kilombero hutuuliza swali moja, nasi twaona ni swali la haki. Mtu akitaka kusema neno mbele ya Serikali, asimame kama nani? Kama Mndamba, au Mbena, au Mpogoro, au Msukuma aliyefika juzi na ng'ombe zake? Au kama mkulima wa mpunga tu, maana mto ukifurika hauulizi kabila la mwenye shamba? Hatuna jibu la kuwapa kwa neno moja. Lakini twajua habari za mtu wa Kenya aliyelichukua swali hilo tangu ujana wake, likamfikisha mbali, nalo ndilo tutakalowasimulia mwezi huu.

Harry Thuku alizaliwa mwaka wa 1895 huko Kambui, katika nchi ya Wakikuyu, upande wa Kiambu. Baba yake alifariki yeye angali mtoto. Wamisionari kutoka Marekani walikuwa wamejenga kituo hapo Kambui, naye akakaa kwao miaka michache, akajifunza kusoma na kuandika, akabatizwa. Mwaka wa 1911 alikwenda Nairobi kutafuta kazi. Mji ulikuwa mpya, wa mabati na vumbi, na kijana mwenye kujua kusoma aliweza kupata mshahara upesi. Aliweza pia kupotea upesi. Thuku aliandika cheki ya uongo, akakamatwa, akafungwa miaka miwili. Hatulifichi jambo hili, kwa sababu yeye mwenyewe hakulificha alipokuwa mzee na kusimulia maisha yake.

Alipotoka gerezani alipata kazi katika nyumba ya chapa ya gazeti la Leader, lililosomwa na Wazungu wenye mashamba. Akafundishwa kupanga herufi na kuendesha mtambo. Wasomaji wetu wanaojua kazi ya chapa wataelewa maana yake. Mpangaji wa herufi husoma kila neno kinyumenyume, herufi moja moja, polepole kuliko msomaji ye yote. Basi mashauri ya walowezi juu ya ardhi na juu ya kuwapata Waafrika wa kuwafanyia kazi yalipita vidoleni mwa kijana huyu kabla hayajafika mezani kwa wenyewe. Twadhani hakuna shule ya siasa iliyomfaa kuliko hiyo.

Wakati huohuo vita kuu ya 1914 hadi 1918 ilikuwa ikipigwa katika nchi yetu. Wazee wa bonde hili walisimuliwa na baba zao jinsi majeshi yalivyopita, hata Wabelgiji wakaingia Mahenge Oktoba 1917. Mto wetu, ambao wa kale waliuita Ulanga, humwaga maji yake Rufiji, na huko Rufiji wapagazi waliotolewa Kenya walibeba mizigo ya Waingereza katika mvua na matope. Kwa hesabu ya Serikali yenyewe, wapagazi wa Waingereza zaidi ya 40,000 walikufa katika vita ile, wengi wao kwa homa, kuhara na njaa. Waliosalia walirudi kwao Kenya wakidhani watashukuriwa. Walikuta nini? Ardhi ilikuwa ikigawiwa askari wa Kizungu waliomaliza vita. Kila mwanamume alipaswa kuchukua kipande, yaani karatasi ya alama za vidole na habari za kazi zake, ndani ya kibweta cha chuma akivae shingoni. Kodi ya nyumba ilipandishwa. Hata wasichana walikuwa wakichukuliwa kwa nguvu kufanya kazi mashambani. Kisha mwaka wa 1921 Wazungu wenye mashamba wakapatana kupunguza mshahara wa Waafrika kwa theluthi moja.

Thuku siku hizo alikuwa akipokea simu katika ofisi ya Hazina ya Serikali, kazi safi yenye mshahara mzuri. Angeweza kunyamaza. Tena machifu wa Kikuyu walikuwa na chama chao kilichokwisha kusema na Serikali kwa adabu, na mtu angeweza kusema kwamba hiyo yatosha. Lakini machifu ndio waliotumwa kuwakusanya watu kwa kazi, na kijana huyu hakuona jinsi mkono ule ule uchukuao binti za watu utakavyowatetea. Juni 1921 yeye na wenzake wakaanzisha Chama cha Vijana wa Kikuyu.

Hapa ndipo penye kiini cha habari. Chama kile hakikudumu na jina lile hata mwezi mzima. Nairobi ilikuwa na watu wa kila pande, na kipande hakikuchagua kabila, wala mshahara haukupunguzwa kwa Wakikuyu peke yao. Thuku akaona kwamba jina la kabila lawafungia nje watu wenye shida ile ile. Mwanzo wa Julai jina likabadilishwa, kikawa Chama cha Afrika ya Mashariki. Yeye alikuwa na miaka ishirini na sita hivi. Akapeleka simu London kueleza malalamiko, akataja pia kwamba baada ya wamisionari, Wahindi ndio rafiki wa Waafrika. Neno hilo liliwaudhi machifu na wamisionari wengi, maana wakati huo Wahindi na Wazungu walikuwa wakishindana vikali juu ya haki zao nchini. Sisi twaona kwamba alifanya haraka. Lakini wenye hekima zaidi yake walikuwa na miaka mingi ya kusema, nao hawakusema.

Katika Hazina aliambiwa achague kazi au siasa. Akaiacha kazi. Mwanzo wa 1922 alizunguka katika nchi ya Wakikuyu, na makutano makubwa yakamfuata. Aliwashauri watu wakusanye vipande vyao wakavitupe mlangoni pa Gavana. Tarehe 14 Machi 1922 akakamatwa.

Watu wakakusanyika mbele ya kituo cha polisi alimowekwa, maelfu, wakalala hapo na kusali. Tarehe 16 wajumbe wao waliitwa kwa wakubwa, wakarudi na shauri kwamba watu waende nyumbani. Wanaume wakaanza kuondoka. Ndipo mwanamke mmoja, Mary Muthoni Nyanjiru, akainua gauni lake juu ya mabega, ambalo kwa Wakikuyu ni tusi zito na laana, akawataka wanaume wavae gauni hilo nao wampe yeye suruali zao. Wanawake wakapiga vigelegele, umati ukasukumana mbele, askari wakafyatua bunduki. Wazungu waliokuwa barazani pa hoteli ya Norfolk, ng'ambo ya njia, nao wakapiga. Nyanjiru alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuuawa. Serikali ilihesabu maiti 21, lakini wengi waliokuwapo walisema ni zaidi sana.

Thuku hakuhukumiwa mbele ya hakimu. Alipelekwa Kismayu, na nchi ile ilipotolewa kwa Waitalia mwaka wa 1925 akahamishwa mahali pengine, mwisho wake Marsabit katika jangwa la kaskazini. Karibu miaka tisa ikapita. Aliachiliwa mwishoni mwa 1930, kijana amekwisha kuwa mtu mzima.

Na yaliyofuata huwasumbua wapenda habari zake. Mwaka wa 1932 alifanywa mkuu wa chama kikubwa cha Wakikuyu, akakosana na wenzake, na mwaka wa 1935 akaunda chama kingine, cha Wakikuyu vilevile, kilichoahidi kuitii Serikali na kufuata sheria. Mtu aliyelifuta jina la kabila akalirudia. Vita vya Mau Mau vilipozuka miaka ya 1950 alisimama kuvipinga waziwazi. Wengine walisema kwamba uhamisho ulimvunja. Wengine kwamba ulimpa busara. Sisi twaogopa kuamua. Miaka tisa ya kutengwa na watu wako ni mirefu, na asiyeionja asiwe mwepesi wa kunena. Twasema hili tu, kwamba Thuku wa 1921 na Thuku wa 1935 wote wawili walikuwa wakijibu swali lile lile, na kijana asomaye habari zake ana ruhusa ya kumfuata mmoja na kubishana na mwingine.

Alilima kahawa kwao, akaiona Kenya ikipata uhuru mwaka wa 1963, akafariki mwaka wa 1970. Njia ipitayo mbele ya hoteli ile ya Norfolk ikapewa jina lake.