Imamu Ahmad bin Hambal na Miaka Yake ya Kungoja

Sisi watu wa pwani hupenda kusema kuwa subira yavuta heri. Walakini tuonapo heri inakawia, baadhi yetu hukunja mikono na kuuita uvivu wao subira. Na wengine hughadhibika, wakaiacha kazi waliyoianza. Kwa hivyo tumeona yafaa kuwaeleza ndugu zetu khabari za mtu aliyengoja zaidi ya miaka 14, wala asijue hata siku moja kama faraja ingemkuta hai.

Mtu huyo ni Imamu Ahmad bin Hambal, Mwenyezi Mungu amrehemu. Alizaliwa mwaka 164 wa Hijra (780), akakulia Baghdad. Babake alikufa yeye angali mdogo, akalelewa na mamake. Alisafiri kutafuta Hadithi katika miji ya Iraki na Hijazi mpaka Yemen. Na imepokewa kuwa alipoishiwa na masurufu njiani alijikodisha kwa wenye ngamia, asikubali kupewa fedha. Nasi tunaofuata madhehebu ya Shafii yatupasa tumjue khasa, kwani yeye ni mwanafunzi wa Imamu wetu Shafii.

Mwaka 218 wa Hijra (833) Khalifa Maamun aliamuru makadhi na maulamaa wakiri kuwa Qurani imeumbwa, kama walivyosema Muutazila. Ahmad alishika kuwa Qurani ni maneno ya Mwenyezi Mungu, wala haikuumbwa. Watu walipotishwa, wengi walikubali kwa ndimi zao, hata wakabaki wawili tu: Ahmad, na mwenziwe Muhammad bin Nuh. Walitiwa minyororo wakapelekwa kwa Khalifa, aliyekuwa upande wa Tarsus, mpakani mwa Warumi. Kabla hawajafika, Maamun akafa. Wakarejeshwa Baghdad, na Muhammad bin Nuh akafa njiani. Ahmad akamsalia na kumzika, akaendelea na safari hali hana mwenziwe.

Mtu angedhani kwamba kufa kwa Khalifa ndio mwisho wa dhiki. Haukuwa mwisho. Khalifa Mutasim alishika njia ile ile, na Ahmad akakaa gerezani yapata miezi 28. Humo alikuwa akiwasalisha wafungwa wenziwe na pingu zi miguuni. Kisha, katika mwezi wa Ramadhani, alisimamishwa mbele ya Khalifa akapigwa mijeledi mpaka akazimia. Kila alipotakiwa akiri, aliomba aletewe dalili katika Kitabu au Sunna. Wala hawakuwa nayo. Baada ya hayo aliachiliwa, akarudi kwake na majeraha mwilini. Na Mutasim akamsamehe.

Mwaka 842 Wathik alipotawala, mlango ulifungwa tena. Ahmad alikatazwa kukutana na watu, akajificha nyumbani, hata msikitini asitoke. Ndipo walipomjia baadhi ya maulamaa wa Baghdad wakitaka kuuvunja utii kwa Khalifa. Aliwakataza, akawataka wachukie uovu kwa nyoyo zao wala wasimwage damu ya Waislamu. Wala hakuna awezaye kusema kuwa neno hilo lilitoka kwa mwoga, kwani mgongo wake ulikuwa shahidi.

Wala kungoja kwake hakukuwa kulala. Kitabu chake Musnad, chenye Hadithi zaidi ya 26,000, kimetufikia kwa njia ya mwanawe Abdallah, aliyekisoma kwake. Lau angaliihesabu miaka ile kuwa imepotea, na sisi tungalipoteza.

Mwaka 847 alitawala Mutawakkil, na mtihani ukaondolewa kidogo kidogo. Sasa yalikuja mengine: mialiko, zawadi na vyakula vya kifalme. Ahmad aliona hayo ni mtihani wa pili, na kwake ulikuwa mzito kuliko mijeledi. Chakula cha Khalifa hakukila, na wanawe walipopokea posho aliwalaumu na kujitenga nao. Alifariki mwaka 241 (855), na watu waliomfuata kaburini hawakuwa na idadi.

Ndugu zetu, wengi hutuuliza mbona darasa zetu hazijai, na mbona watu hawaachi upesi mambo yasiyo na asili katika dini. Hapana jawabu iliyo bora kuliko maisha haya. Ahmad hakusema uwongo ili apunguziwe siku za kifungo, wala hakushika upanga ili aiharakishe faraja, wala faraja ilipokuja hakuifanya duka. Siku ya kufunguliwa ilikuwa mikononi mwa Mola wake; kazi ya kila siku ilikuwa mikononi mwake, naye aliifanya. Basi na sisi tumsomeshe aliyekuja, hata akiwa mmoja, na tumwachie Mwenyezi Mungu hesabu ya wasiokuja. Yeye atujaalie miongoni mwa wenye kusubiri. Amin.