Auerbach: Fundi aliyeoanisha wakongwe na chipukizi

MAKOCHA wengi wa mpira wa vikapu huangushwa na moja kati ya makosa mawili: kung'ang'ania nyota waliozeeka, au kuwatema mapema na kuwatwika vijana mzigo wasioumudu. Marehemu Arnold Auerbach, aliyefahamika zaidi kwa jina Red, aliyakwepa yote mawili kwa miaka mingi, ingawa uzeeni mizani ilimponyoka.

Alizaliwa Septemba 20, 1917 mtaani Brooklyn, New York, nchini Marekani. Mnamo 1950 alikabidhiwa Boston Celtics, timu ambayo haikuwa imewahi kutwaa ubingwa wa ligi ya NBA.

Wahenga walionya dhidi ya kuacha mbachao kwa msala upitao. Mwaka wa 1956 Auerbach alithubutu kufanya hivyo hasa. Aliwatoa Ed Macauley, nyota aliyekuwa amekwisha kujijengea jina, na Cliff Hagan kwa St Louis Hawks ili ampate kijana Bill Russell. Hakuwatimua wakongwe wote, kwani Bob Cousy alibaki kuwa nguzo ya mashambulizi. Mwaka uliofuata Celtics walinyakua taji lao la kwanza.

Tangu hapo alihakikisha kila mrithi anawasili kabla ya pengo kutokea. John Havlicek alisajiliwa 1962 akiwa na umri wa miaka 22, akacheza msimu mmoja na Cousy aliyestaafu 1963. Auerbach alipoacha ukocha 1966 akiwa na mataji tisa, alimpa Russell wadhifa huo huku akiendelea kucheza. Russell aliongeza mataji mawili, 1968 na 1969. Havlicek naye, sasa akiwa mkongwe, aliiongoza timu kutwaa ubingwa 1974 na 1976.

Akiwa msimamizi, Auerbach alimteua Larry Bird 1978 na kumsubiri mwaka mzima amalize masomo. Mnamo 1980 aliwaleta Robert Parish na chipukizi Kevin McHale. Mwaka wa 1985 alimwongeza Bill Walton, mkongwe aliyesumbuliwa na majeraha, ambaye alitokea benchi na kusaidia kushinda taji la 1986.

Mwaka huo huo mnyororo ulikatika. Len Bias, kijana aliyetarajiwa kuwapokezana kijiti na akina Bird, alifariki siku mbili tu baada ya kuteuliwa, kutokana na kokeini. Wakongwe waliendelea kubeba mzigo hadi miili ikawasaliti. Bird alistaafu 1992 naye McHale 1993, bila warithi wa kiwango chao.

Auerbach aliaga dunia Oktoba 28, 2006 jijini Washington akiwa na umri wa miaka 89, bila kushuhudia taji jingine. Lilikuja 2008, likiletwa na wakongwe Kevin Garnett, Ray Allen na Paul Pierce, huku pasi zikigawanywa na Rajon Rondo, kijana wa miaka 22.