Fleming: Mgunduzi wa penisilini aliyehofia dawa za dukani

ALEXANDER Fleming, mtoto wa mkulima wa Scotland, alizaliwa Agosti 6, mwaka 1881. Kabla ya kusomea udaktari alikuwa karani wa kampuni ya meli jijini London.

Septemba 1928, akitoka likizo, alikuta ukungu umeota kwenye kisahani cha bakteria, na bakteria waliokuwa karibu nao wamekufa. Ndivyo penisilini ilivyopatikana. Hata hivyo, hakuweza kuisafisha iwe dawa. Kazi hiyo ilifanywa Oxford na Howard Florey na Ernst Chain, kisha viwanda vya Marekani vikaifanya biashara wakati wa Vita Kuu ya Pili. Nimonia ikawa inatibika.

Akipokea Tuzo ya Nobel pamoja nao mwaka 1945, Fleming alionya kuwa siku dawa hiyo itakapouzwa madukani, watu watajitibu kwa dozi pungufu na vijidudu vitaizoea. Alifariki Machi 11, 1955.

Amoksilini inayouzwa vidonge viwili viwili kwa mwenye kikohozi, upande huu wa mpaka au ule, ni mjukuu wa penisilini hiyo. Mbadala ni haba: kampuni nyingi kubwa zimeacha kutafuta antibiotiki mpya, kwani dawa inayomezwa siku chache hailipi.