Harry Hebner na Hoja ya Kulala Chali
Harry Hebner alizaliwa Marekani mwaka 1891. Enzi hizo waogeleaji wa chali walirusha mikono yote miwili kwa pamoja, wakipiga miguu mithili ya chura. Yeye alizungusha mkono mmoja baada ya mwingine, mtindo ambao leo kijana wa Likoni hauonei ajabu. Katika Olimpiki ya Stockholm, 1912, mtindo huo ulipingwa. Mzozo wenyewe, kwa hakika, ulikuwa wa tafsiri ya maneno: watetezi wake walishikilia kwamba kanuni ilidai kulala chali tu, naye hakugeuka. Hoja ikakubaliwa. Alishinda mita 100 kwa dakika 1 na sekunde 21.2, akimtangulia Mjerumani Otto Fahr. Alifariki mwaka 1968.