Thomas Mboya, Mtetezi wa Wafanyakazi

Thomas Joseph Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930, sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni, huko Kilima Mbogo katika nchi ya Kenya. Baba yake, Leonardus Ndiege, na mama yake, Marcella, walikuwa Wajaluo wa kisiwa cha Rusinga katika ziwa la Nyanza, lakini walikaa mbali na kwao, kwa maana baba alifanya kazi katika shamba la mkonge la Mzungu. Basi mtoto huyu alifumbua macho katikati ya watu wa kibarua. Tangu utoto aliona jinsi mtu anavyotoka jasho toka alfajiri hata jioni, na jinsi fedha inavyokuwa haba mwisho wa mwezi. Wazee wa Kabambare waliolima pamba ya lazima zamani za Wabelgiji walilifahamu jambo hili pasipo kuelezwa.

Thomas alisoma katika shule za misioni: Kabaa, kisha Yala, kisha Mangu. Hata karo ikamshinda baba, naye akajifunza kazi ya bwana afya. Mwaka 1951 aliajiriwa mjini Nairobi. Siku moja alikuwa peke yake katika chumba cha kupimia maziwa. Akaingia bibi wa Kizungu mwenye chupa mkononi, akatazama huku na huku, akauliza kama hapakuwa na mtu mle. Mboya naye akamwuliza kama macho yake yalikuwa na ugonjwa. Mshahara wake ulikuwa mdogo kuliko wa Mzungu wa kazi ile ile.

Ndipo akaanza kuwakusanya wafanyakazi wenzake katika chama, ambacho watu wa Kongo huita sendika. Ilikuwa saa mbaya. Oktoba 1952 serikali ya Waingereza ilitangaza hali ya hatari kwa sababu ya vita vya Mau Mau. Viongozi wengi wakatiwa kifungoni, na mwaka 1953 chama kikubwa cha siasa kikapigwa marufuku. Vyama vya wafanyakazi vikabaki karibu peke yao kusema kwa ajili ya watu, na kijana wa miaka 23 akawa katibu wa shirikisho lao.

Mboya hakuwa mwanasheria, wala hakuvaa joho la wakili. Lakini Machi 1955 wapagazi wa bandari ya Mombasa walipogoma, alishuka pwani akawasihi warudi kazini na kuipeleka kesi yao mbele ya baraza la usuluhishi. Lilikuwa neno gumu. Mwenye njaa hapendi kuambiwa angoje. Tena kama baraza lingewanyima, lawama yote ingemwangukia yeye. Wakarudi. Baraza likaongeza mshahara wao kwa karibu theluthi.

Baadaye alisoma mwaka mmoja huko Oxford, Uingereza. Mwaka 1957 alichaguliwa katika baraza la kutunga sheria, na aliyeshindwa naye Nairobi alikuwa Argwings-Kodhek, wakili hasa! Desemba 1958 alikuwa mwenyekiti wa mkutano wa watu wa Afrika huko Accra, ambapo Patrice Lumumba wa Kongo alikuwepo pia. Mwaka 1959 alisaidia vijana 81 kupanda ndege kwenda kusoma Marekani.

Mwaka 1962 akawa waziri wa kazi. Akawapatanisha mabwana na wafanyakazi kwa mapatano ya kwamba ugomvi uamuliwe kwanza kwa mazungumzo, ndipo mgomo. Wengine walinung'unika kwamba mtetezi wao amekaa sasa upande wa serikali, na manung'uniko yao hayakuwa bure kabisa. Aliyekuwa akidai sasa ndiye aliyedaiwa.

Jumamosi tarehe 5 Julai 1969, alipotoka katika duka la dawa mjini Nairobi, alipigwa risasi, akafa kabla ya kutimiza miaka 39. Misa ya wafu iliadhimishwa katika kanisa kuu la Familia Takatifu, na nje umati ulikuwa wenye uchungu na hasira. Kisha mwili ukachukuliwa safari ndefu mpaka ziwani, akazikwa Rusinga, kisiwa cha baba zake.