Jean Mermoz, rubani aliyepotea baharini pamoja na barua

Rubani Mfaransa Jean Mermoz alizaliwa tarehe 9 Desemba 1901 huko Aubenton. Mwezi wa tano 1930, yeye na wenzake wawili walivusha barua kwa ndege kutoka Saint-Louis, Senegal, hadi Natal, Brazil, kwa muda wa saa 21 hivi. Mbele ya hapo, barua zilivuka Atlantiki kwa meli.

Alfajiri ya tarehe 7 Desemba 1936, aliondoka Dakar na watu wanne katika Croix-du-Sud, ndege ya moteri nne inayoweza kutua majini. Haikupita muda mrefu akarudi, sababu moteri moja ya nyuma ilikuwa na kasoro. Mafundi waliishughulikia haraka, naye akaruka tena, kwani barua zilikuwa zikingojewa. Karibu saa tano asubuhi, redio ya ndege ilijulisha kwamba wanazima moteri ya nyuma ya kuume. Kisha kimya.

Ndege na watu wake hawakuonekana tena. Mermoz alikuwa amebakiza siku mbili atimize miaka 35. Air France iliendelea kuvusha barua kwa njia hiyohiyo.